Ushauri: Mzee anataka tukaishi jangwani Arizona msimu huu wa baridi, na Corona hii

Mama Tanga (Novemba 2020)
Wakuu, habari zenu. Tuko Minnesota, kaskazini mwa Marekani, mimi na mzee wangu, wote tumestaafu. Mimi nilikuwa muuguzi, yeye dereva wa malori. Ana gari la nyumba, haya wanayoita RV, lina kitanda, jiko na choo chake. Sasa ameng'ang'ania twende Quartzsite, kijimji cha jangwani Arizona ambako wazee wa kaskazini hukimbilia baridi, tukae mpaka Aprili.

Huku gavana amezuia watu wa nyumba tofauti kukutana kwa wiki 4. Wajukuu nawaona wakiwa nje ya dirisha, wananipungia mikono na glavu zao, kisha wanarudi kwenye gari la mama yao. Kusema kweli nimechoka. Lakini nikifikiria kuugua porini tusikojuana na mtu, moyo unasita, maana mzee ana kisukari na presha. Mwanangu wa kiume anasema nendeni, binti kila akipiga simu analia. Aliyewahi kuishi huko anishauri. Nawasilisha.

Msafiri wa Yuma
Shikamoo mama. Mimi naishi Yuma, huku huku Arizona, hao wazee nawaona kila mwaka. Kusini mwa Quartzsite, kando ya barabara ya 95, kuna ardhi ya serikali kuu inaitwa La Posa. Unalipa dola 180, kibali kinakutosha msimu mzima, Septemba 15 hadi Aprili 15. Kuna maji ya kuchota, pa kumwaga tangi la choo na pa kutupa taka. Umeme ni wako mwenyewe, kwa hiyo mzee afunge sola na betri za maana. Usiku wa Januari baridi inaweza kushuka karibu na sifuri, msidanganyike na neno jangwa. Na kabla ya kuwasha hita ya gesi, hakikisheni king'ora cha hewa ya sumu kinafanya kazi.

Mwaka huu hakutakuwa na msongamano. Mpaka wa barabara na Kanada umefungwa kwa watalii tangu Machi, na Wakanada huwa wengi sana huku.

Jambo kubwa kwangu ni hili: Minnesota ukitaka kuongea na jirani wakati wa baridi lazima muingie ndani, na ndani ndiko ugonjwa unakosambaa. Huku mchana wa Januari ni kama nyuzi 20. Kila mtu na kiti chake nje, mmeachiana hatua kadhaa, mnapiga soga mpaka jua linazama.

Binti Pangani
Mama, mimi niko upande wa binti yako. Quartzsite haina hospitali. Za karibu ni ya Parker, kama kilomita 55, au mvuke mto mwende ya Blythe, California. Mgonjwa wa Corona anaweza kuongea vizuri jioni, usiku wa manane akawa hapumui. Mzee mwenye kisukari si wa kumpeleka huko.

Mtu wa Maabara
Shikamoo mama. Binti Pangani ana hoja, ila kuna jambo wote wamelisahau. Udongo wa Arizona una fangasi. Vumbi likitimka unamvuta, unapata wanachokiita Valley fever. Kikohozi, homa, uchovu, yaani ukiangalia haraka utasema Corona. Hauambukizwi na mtu, wengi hupona, lakini sisi watu wa asili ya Afrika tuko kwenye hatari zaidi ya kuupata ule mkali unaotoka kwenye mapafu na kusambaa mwilini. Kisukari nacho kinaongeza hatari. Upepo ukivuma fungeni madirisha. Kipimo cha Corona kikisema hana na kikohozi hakiishi, mwambieni daktari wenyewe: tupimie Valley fever.

Halafu angalieni bima. Medicare, bima ya wazee, ile ya kawaida ya serikali inakubalika jimbo lolote kwa daktari anayeipokea. Kama yenu ni ile ya Advantage ya kampuni binafsi, nyingi zina madaktari wake wa eneo. Nje ya hapo mara nyingi ni dharura tu. Pigeni simu kabla ya kuondoka. Na nunueni kile kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni. Kikishuka chini ya 92, msisubiri kuche.

Babu wa Ngamiani
Mwanangu, usiende kwa kumridhisha mumeo. Mpe masharti: dawa za miezi 3, muegeshe upande wa karibu na lami, na simu iwe inashika hapo mlipo. Akikubali, nendeni.

Mama Tanga (Februari 2021)
Mrejesho, wakuu. Tulikwenda, kwa masharti ya babu. Asanteni nyote.

Januari ilinitisha. Arizona iliongoza Marekani nzima kwa maambukizi mapya ukilinganisha na idadi ya watu. Dukani tulikwenda alfajiri, mmoja wetu tu, barakoa mbili. Siku zilizobaki ni kimya. Jirani yetu mjane wa Montana huleta kiti chake saa kumi jioni, anakaa ng'ambo ya moto, nami nampelekea kahawa ya tangawizi naiweka juu ya jiwe, nikirudi nyuma anaichukua.

Siku moja tulizuru kaburi la Hadji Ali, yule mchunga ngamia kutoka dola ya Uthmaniya aliyeletwa na jeshi la Marekani mwaka 1856. Wenyeji walimwita Hi Jolly. Ni piramidi ya mawe, juu yake ngamia wa shaba. Mzee alimsomea Fatiha. Sikutegemea kulia mbele ya kaburi la mtu nisiyemjua.

Chanjo tumepata sindano ya kwanza kwenye uwanja wa mpira kule Glendale, karibu saa 2 kwa gari. Wanachanja mchana na usiku, unabaki kwenye gari lako. Nafasi alitutafutia mwanangu mtandaoni usiku kucha. Ya pili ni baada ya wiki 3, ndipo tutaanza kupanga safari ya kurudi. Binti halii tena, sasa anauliza kama kuna nafasi ya hema mwakani.

Unga wa sembe umetuishia. Anayejua duka Phoenix anitajie.

Msafiri wa Yuma
Mama, Phoenix kuna maduka ya Wakongo na Wasomali. Nakutumia maelekezo faragha.