Majirani Nkuhungu, Dodoma: nani alisema lazima upishe siti?

Mama Neema: Jamani leo kwenye daladala pale Sabasaba kapanda bibi na kapu lake, siti zimejaa, hamna aliyesema kitu ila vijana wote ghafla simu zikawa tamu, anachungulia simu mara dirishani mara simu tena 😂

Baba Tumaini: Wanajua wanachofanya hao. Ukigongana tu macho na mzee umekwisha, lazima unyanyuke

Mama Neema: Konda ndo kaokoa, "we kaka wa kofia mpishe bibi", kanyanyuka bila kubisha

Eliya UDOM: Shkamooni. Hii tumeisoma chuo, kuna mwanasaikolojia wa Marekani, Stanley Milgram, miaka ya 70 aliwatuma wanafunzi wake kwenye treni za chini ya ardhi New York, unamfuata abiria usiyemjua unamwambia naomba siti yako, basi, hutoi sababu. Asilimia 68 walinyanyuka au wakasogea

Mjomba Chilewa: Marahaba. Huumwi, huna mimba, unapishwa tu??

Eliya UDOM: Ndio mjomba na wakisema "siwezi kusoma kitabu nikiwa nimesimama" wanaopisha wanashuka mpaka 42 hivi. Ukinyamaza mtu anajijazia mwenyewe labda huyu mgonjwa, ukitaja sababu ya hovyo anapata pa kukukatalia

Mama Neema: Heee

Eliya UDOM: Ila waliopata taabu ni waombaji. Profesa mwenyewe alipojaribu maneno yakamkwama kooni, alipopewa siti kichwa kikamshuka magotini, uso umempauka, na anasema wala hakuwa anaigiza

Shangazi Mage: Aibu hiyo! Mtu mzima unaombaje siti? Mimi siombi. Nasimama tu hapo pembeni yako na mfuko wangu nahema

Baba Tumaini: Shangazi kumbe ile kuhema ni makusudi 😂😂

Shangazi Mage: Nina presha mimi

Mama Neema: Sasa cha ajabu, nikiwa kwenye SGR natoka Dar, mzee kakuta kijana kakaa siti yake, namba imo kwenye tiketi kabisa, badala ya kusema kijana hapo pangu yeye anajikohoza tu anaitazama tiketi, anaitazama siti, mpaka mhudumu kafika. Haki yako na bado unaona haya

Mjomba Chilewa: Huo ustaarabu. Mnachosahau ni salamu, gari la Kongwa unaingia unasalimia wote wanaitika, hapa mjini watu wanakutazama tu. Tangu serikali ihamie ndo basi tena

Baba Tumaini: Mjomba usiwasingizie wa wizarani, daladala ya mjini ukisalimia gari zima watu wanajua unaanza kuhubiri au unauza dawa ya meno

Mjomba Chilewa: Mi nasalimia. Jana nimepanda pale Majengo nikasema mbukwenyi, salamu yetu ya Kigogo

Shangazi Mage: Wakaitika?

Mjomba Chilewa: Mmoja. Wengine wameshika pochi