Redio ya masafa mafupi inahama kituo ikishapata joto, nianzie wapi?

waya_mrefu
Wakuu salama? Nina redio ya transista ya zamani, ile ya sindano kwenye kioo. MW (masafa ya kati) inashika siku nzima wala huigusi, ila nikienda SW (masafa mafupi) kwenye mita 19 au 16 ndo vituko vinaanza, naiwasha napata kituo safi kabisa halafu taratibu sauti inaanza kukwaruza mpaka nisogeze nobu kidogo ndo inarudi, na baada ya muda tena hivyo hivyo. Nimeiongezea BFO (saketi ndogo inayofanya SSB isikike vizuri) nisikilize maongezi ya SSB (urushaji wa sauti unaotuma upande mmoja tu wa wimbi), huko ndo balaa, mtu anaanza na sauti yake ya kawaida mara inakuwa nyembamba, na kuna muda inayumba kufuatana na maneno yenyewe. Jamaa mmoja kaniambia ng'oa kapasita zote weka mpya, mwingine anasema achana nayo nunua ya dijitali. Nifanyeje?

fundi_koili
Using'oe kitu kwanza mkuu. Kinachohama ni oskileta ya ndani (saketi inayotengeneza mawimbi ya kuchagulia kituo), na redio nyingi za aina hiyo oskileta inakaa kilohezi 455 juu ya kituo. Kwahiyo ukiwa megahezi 1 yenyewe iko 1.455, ukiwa megahezi 15 iko 15.455. Sasa chukulia joto limeisogeza sehemu 100 kwa milioni: huko MW umehama hezi 145 hivi, huku juu umehama 1,545. Kwenye AM (matangazo ya kawaida ya MW na SW) hezi 145 husikii chochote, 1,545 unaisikia, na SSB hata 100 tu sikio linakamata. Ndo maana MW inaonekana nzima wakati ugonjwa ni uleule. BFO nayo inahama ila iko chini huko 455, mchango wake mdogo.

betri_nne
Mimi nimeshtuka hapo kwenye "inayumba kufuatana na maneno". Joto haliwezi kuyumba kwa kasi ya mtu anavyoongea!! Hiyo ni volteji. Spika ikivuta umeme mwingi kwenye neno zito, betri zinashuka kidogo, na oskileta kama haina regyuleta yake (ya kutuliza volteji) inafuata huko huko. Weka hedifoni, punguza sauti, sikiliza tena. Kuyumba kukiisha basi jibu unalo: zena (diodi ya kushikilia volteji isibadilike) na kapasita kubwa kwenye laini ya oskileta peke yake, na betri zilizochoka tupa.

waya_mrefu
Asante, nimejaribu na hedifoni, kuyumba kumeisha kabisa. Ila ile ya polepole bado ipo, na kila mara inabidi nisogeze sindano kuelekea juu kidogo, haijawahi kuwa kuelekea chini.

fundi_koili
Safi, hiyo taarifa ya upande ndo ya maana kuliko zote. Kama unasogeza juu maana yake oskileta inashuka ikipata joto, yaani koili au kapasita inaongezeka thamani. Ni kawaida, waya wa koili unatanuka.

Na hapa ndo ushauri wa kung'oa kapasita zote unaponiudhi. Watengenezaji wengi waliweka makusudi kapasita inayopungua thamani ikipata joto, ili ifute kosa la koili. Zile za polistireni kwa mfano zinapungua kama sehemu 150 kwa milioni kwa kila nyuzi moja. Ukiitoa ukaweka NP0, aina ya kapasita isiyohama kwa joto, mtu anakusifu umeweka kitu bora, kumbe umeondoa dawa na redio inahama zaidi ya mwanzo. Ukiweka X7R, aina nyingine ya kapasita ya kauri, ndo umeharibu kabisa, hiyo kazi yake ni kuchuja umeme, kwenye oskileta haifai.

Hesabu yake sio ngumu. Masafa yanahama nusu ya kapasita inavyohama. Tuseme redio inashuka sehemu 50 kwa milioni kwa nyuzi moja, ni sawa na kapasita kuongezeka 100. Kama jumla ya kapasita kwenye koili ni pikofaradi 200 (pikofaradi ni kipimo cha kapasita), unatakiwa upunguze pikofaradi 0.02 kwa nyuzi. Kapasita ya N750 (inayopungua sehemu 750 kwa milioni kwa nyuzi moja) inapungua 0.00075 kwa kila pikofaradi yake, kwahiyo unahitaji kama 27. Unatoa 27 ya NP0 unaweka 27 ya N750, jumla inabaki ileile na sindano haiongopi.

betri_nne
Ongeza hapo kwamba itakaa sawa sehemu moja tu ya kioo, maana ukizungusha kapasita ya kutafutia ile jumla ya 200 inabadilika na hesabu inabadilika nayo. Chagua bendi unayoipenda, nyingine uvumilie.

kristali77
Kuhusu dijitali, haihami hivyo ila nayo ina kristali inayopanga masafa yake, na kristali ya kawaida ikikosea sehemu 10 kwa milioni, kwenye megahezi 15 ni hezi 150. Zenye TCXO (kristali iliyofidiwa dhidi ya joto) ya sehemu 1 zinakosea 15 tu, kwa SSB hiyo ni raha. Ila kuna analogi zilizokwepa hili kijanja sana, Trevor Wadley wa Afrika Kusini alibuni saketi ambayo oskileta ya kwanza inatumika mara mbili, kosa linaingia mara ya kwanza na kufutwa mara ya pili. Iko kwenye redio za Racal RA17 na Yaesu FRG-7. Naziheshimu kuliko hizi za kioo cha namba, semeni mnavyotaka.

waya_mrefu
Sasa nitajuaje imehama kiasi gani bila kipimo cha masafa?

kristali77
Tafuta WWV, kituo cha Marekani cha kurusha saa na masafa sahihi, iko 5, 10 na 15 megahezi, masafa yake ni sahihi kuliko vipimo vingi utakavyonunua. Washa BFO, zungusha mpaka mlio ushuke upotee, halafu usiguse nobu, mlio ukirudi ukapanda ndo kuhama kwenyewe, rekodi kwenye simu na programu yoyote ya kupimia sauti inakupa hezi. Fanya na kifuniko kimefungwa, ukifungua joto linakuwa lingine na hiyo N750 utaikosea.