Mjadala: Mgeni anaondoka Zanzibar ameridhika, au amechoka?

Bi Mapokezi: Nina miaka sita mapokezi, hoteli ya Mji Mkongwe. Mgeni akirudisha ufunguo huwa namwuliza ameonaje. Chumba anasifia, pweza anasifia, halafu anashusha pumzi: "Nilitaka nusu saa tu ya kutembea peke yangu." Juzi mama wa Kijerumani kafuatwa kutoka bustani ya Forodhani hadi mlangoni petu: rafiki, viungo, rafiki, kobe wa kisiwa cha Changuu, rafiki, kofia. Mwaka 2024 Zanzibar nzima tulipokea wageni zaidi ya laki saba, na kila mtu anashangilia hiyo hesabu. Mimi nasema papasi, hawa vijana wanaowaganda wageni njiani, wanatuharibia kisiwa.

Kijana wa Shangani: Dada, papasi ni mdudu. Anajificha kwenye nyufa za nyumba ya udongo, usiku anatoka kunyonya damu. Ndiye mie huyo? Nnasema Kijerumani na Kitaliano, nimejifunza kwa kusikiliza tu. Nimeomba kazi hoteli tatu, zote zimeniambia lete cheti.

Mzee wa Malindi: Wanangu, taratibuni. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kijana wa Shangani: Shikamoo mzee. Mwenyeji yupi aliyepona? Nionyeshe nyumba yake nikamsalimie.

Mgumu wa Marangu: Huku Kilimanjaro wapagazi tunaitwa wagumu, na jina tunalipenda. Mwenzetu kaitwa mdudu, mnataka acheke? Mzigo wangu mwisho kilo 20, unapimwa langoni kwa mizani, na mgeni anaona. Ndiyo maana ananiheshimu. Huyo kijana mizani yake iko wapi?

Wa Nungwi: Mbona bima ya lazima ya kuingia Zanzibar hamuigusi? Mgeni anatozwa dola 50 hata kama ana bima ya kwao. Hiyo nayo ni papasi?

Bi Mapokezi: Ni 44, tangu Oktoba 2024, usipandishe. Na wageni wanaiuliza kweli, kila wiki naeleza. Lakini bima inalipwa mara moja ikaisha. Kufuatwa ni kila ukitoka mlangoni.

Wa Nungwi: Dada wa hoteli atasema nini zaidi! Nyie mnataka mgeni asinunue kitu nje ya geti.

Bi Mapokezi: Usinijue kwa kunidhania. Mama yangu anauza urojo, hao wageni nampelekea mimi.

Mgumu wa Marangu: Basi na huyu kijana mpelekee wageni. Lugha mbili za kigeni, anakaa barazani?

Kijana wa Shangani: Sitaki kupelekewa. Nataka aniite mtu.

Bi Mapokezi: Neno nimelirudisha, kaka, nisamehe. Nililizoea mdomoni. Ila mama yule ana siku tatu hajatoka jioni. Chakula tunampandishia chumbani, na dirisha lake linatazama Forodhani.