Wakuu, dume la kanga linaua wenzake bandani na kiangazi ndio hiki, nifanyeje?

Nzuguni Kwetu: Habari za jioni wakuu. Nina kanga 9 hapa Dodoma. Dume moja limekuwa mbabe, limejitwalia kona yenye maji na mti wa kulalia, mwenzake akisogea anakimbizwa hadi ukutani. Juzi nimeokota wa pili kafa, kachanwa kifua kwa miba ya miguuni. Mvua zimekatika tangu Aprili, hadi Desemba ni vumbi. Je, nimtenge au nipunguze idadi? Waya nimeshanunua, roli mbili. Nawasilisha.

Mlenda Moto: Punguza. Mchuzi wa kanga kwa ugali wa uwele, swali limejijibu. Tuma lokesheni.

Mama Kondoa: Mwanangu, umechanja? Mdondo unakipenda kiangazi. Mwaka juzi niliamka nikakuta kuku wangu 31 chini kama nguo zilizodondoka kambani. Baba watoto alisema chanjo ni kupoteza hela. Siku hizi yeye ndiye anawashika, mimi natonesha jichoni, kila miezi 3.

Nzuguni Kwetu: Asante mama, ila huyu kachanwa, hakuumwa.

Mzabibu Mkavu: Uliwatoa wapi?

Nzuguni Kwetu: Mkuu, hilo halihusiani na swali.

Mzabibu Mkavu: Linahusiana sana. Wa porini akishindwa ugomvi anakimbia, yamekwisha. Bandani atakimbilia wapi? Anarudi palepale anapigwa tena hadi afe.

Nzuguni Kwetu: Sawa. Mayai waliyaokota vijana wakichunga upande wa Bahi, kuku wangu akaatamia siku 27. Kwa hiyo sijakamata mnyama, nimeokoa mayai yasiliwe na kenge. Na kuna mtu wa hoteli ameshatoa advansi, msiniambie niwaachie.

Afande Mstaafu: Mdogo wangu, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 ipo. Kumiliki ndege pori bila kibali ni kosa, na advansi si kibali. Nenda ofisi ya wanyamapori ujieleze mwenyewe kabla hujaelezewa.

Mgogo Ughaibuni: Mnanikumbusha Aberdeen nilikosoma. Milima ya Uskochi ina ndege pori wanaitwa red grouse. Dume hugombania eneo lake vuli, kabla baridi haijakaza. Walioshindwa husukumwa pembezoni, na wengi wao hawaioni masika: njaa, mbweha, tai. Kwa hiyo kinachoua si baridi peke yake, ni kukosa kwako. Mimi mwenyewe mwaka wa kwanza nilipanga chumba kisicho na hita, niliwaelewa sana wale ndege.

Mlenda Moto: Na Dodoma theluji inaanguka lini, mkuu?

Mzabibu Mkavu: Ngojeni kwanza. Hii ni chai, tena haina sukari. Moja: kanga hugombana masika, wanapojitenga wawili wawili kutaga. Kiangazi hurudi kundini, wanachakura vitunguu pori na mchwa pamoja, wanaenda majini pamoja, jioni wanapanda mti mmoja. Mbili: kanga hana mwiba mguuni! Huyu anatutungia hadithi.

Nipo Siti ya Mbele: Picha, au uzi ufungwe.

Mama Kondoa: Nimeshika shavu.

Nzuguni Kwetu: Si chai wakuu. Haya. Huyo dume si kanga, ni kwale. Yule mwenye shingo ya njano. Nilimnunua kwa kijana mwenye tenga kandokando ya barabara, nikamchanganya humo. Alikuwa mpole kabisa.

Afande Mstaafu: Kumbe na wa kukamatwa yupo. Ulisema hujakamata.

Nzuguni Kwetu: Sijakamata, nimenunua.

Mzabibu Mkavu: Mpole kwa sababu alikuwa mgeni! Kwale alfajiri anapanda kichuguu anapiga kelele kutangaza hapa ni kwangu. Wewe umempa kona yenye maji, unategemea nini? Mtoe leo. Kanga wawekee vyombo vya maji viwili, mbalimbali, na rundo la matawi ya miiba aliyezidiwa ajifiche. Fito za kulalia ziwe juu, asilale mtu chini. Halafu msikilize Afande.

Nzuguni Kwetu: Na waya?

Mlenda Moto: Ukajizungushie wewe, watu wa kibali wakija.

Mama Kondoa: Mwanangu, ukimtoa kwale, kanga ni 8. Huko hotelini uliahidi wangapi?

Nzuguni Kwetu: Tisa. Ila mama, kwenye sahani nani ataiona shingo?