Kwezi wa Serengeti: nitawatofautishaje wawili wanaofanana?

Swali
Ndugu zangu, salaam. Nikisubiri kibali katika lango la Naabi, Serengeti, niliwaona ndege wakiokota makombo chini ya meza za wageni: mgongo wa buluu unaometameta, kichwa cheusi, tumbo la rangi ya kutu. Mwenyeji mmoja aliniambia ni kwezi, lakini vitabu vina kwezi wawili wa namna hiyo. Ni yupi, na makazi yake hasa ni wapi?

Jibu la kwanza
Usihangaike na mgongo, kwa kuwa mng'ao huo hubadilika jua linapogeuka na aina zote mbili wanao. Tazama kifua. Ukiona mstari mwembamba mweupe kati ya buluu ya kifua na rangi ya kutu ya tumbo, na chini ya mkia pakawa peupe, huyo ni Lamprotornis superbus. Jicho lake jeupe hung'aa kama shanga kwenye uso mweusi. Mwenzake, Lamprotornis hildebrandti, ana jicho jekundu na hana mstari huo. Jinsia haikusaidii kitu, maana dume na jike wanafanana.

Jibu la pili
Naongeza tahadhari: kinda la superbus lina jicho jeusijeusi na mstari wake ni hafifu, hata wazoefu humdhania hildebrandti. Subiri wakubwa wafike, kwani hawa huishi kwa makundi, na makinda hulishwa pia na ndege wasio wazazi wao.

Kuhusu makazi, superbus ameenea kutoka Ethiopia na Somalia hadi Uganda, Kenya na Tanzania, katika nyika kavu yenye migunga, na amezoea watu kiasi cha kukaribia sahani. Kiota chake ni bunda la nyasi ndani ya mti wa miiba. Hildebrandti anapatikana Kenya na Tanzania tu, naye hutaga katika matundu ya miti.

Muulizaji
Ahsanteni. Nimeikuza picha: mstari mweupe upo, na jicho ni jeupe.

Jibu la tatu
Basi ni superbus. Ukirudi, sikiliza pia mlio wake wa tahadhari: watafiti Dorothy Cheney na Robert Seyfarth walionyesha huko Amboseli kwamba tumbili huuelewa, wakatazama juu au kukimbilia mtini kulingana na adui anayetangazwa.