Wife kajipa 4 kati ya 10, hiki kipimo kinaaminika kweli?

kimya_kingi: Wakuu habari zenu, naomba ushauri. Kuna ile ngazi ya maisha ya 0 mpaka 10, juu kabisa ni maisha bora kuliko yote unayoweza kuyapata, chini ni mabaya kuliko yote, mimi nikajipa 8 wife akajipa 4. Miaka sita ya ndoa, hatugombani, nyumba imetulia. Sasa usingizi sipati. Kipimo kibovu au?

Mzee wa Kona: 4 nyingi hiyo, wangu ataanzia hasi

takwimu_tu: Ngazi haina shida, ni ya Hadley Cantril, 1965, na ndiyo inayopanga nchi kwenye ile ripoti ya furaha duniani. Ila haipimi ndoa wala raha ya jana, mtu anayapima maisha yake yote kwa mkupuo. Kabla ya kumuuliza mlikuwa mnaongea nini?

dada_Z: Mi nilikuwa na kazi nzuri ningejipa 9, na kila asubuhi nalia bafuni kabla sijatoka. Muombee mkeo kaka.

takwimu_tu: kimya_kingi hujajibu

kimya_kingi: Mambo ya kawaida tu. Nikamuuliza kama ameridhika na ndoa, halafu ndo ngazi.

takwimu_tu: Hapo umeharibu. Strack na wenzake 1988 waliwauliza wanafunzi habari za kutoka na wapenzi kwanza ndo furaha ya maisha, majibu yakafuatana sana, walipogeuza mpangilio hayakufuatana (waliorudia baadaye hawakuona tofauti kubwa hivyo). Kawaida ipi?

kimya_kingi: Sawa bana. Jioni ile nilimwambia nimesaini mkataba wa kazi ya mbali, miaka miwili. Ni kwa ajili ya familia! Na barua ya kuacha kazi huku nishaandika, bado kutuma tu.

dada_Z: Umesaini kimya kimya halafu ukamletea ngazi??

bingwa_wa_nyuzi: Chai hii. Uzi wako wa juzi ulisema hujaoa.

kimya_kingi: Ule aliandika mdogo wangu, akaunti tunashea

Mzee wa Kona: ongeza sukari 😂

takwimu_tu: Chai au siyo, acha zipite siku umuulize tena, usianze na ndoa. Au ile ya WHO ya sentensi tano kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja 0 mpaka 5, jumlisha zidisha kwa 4, ikiwa chini ya 50 amuone mtu wa afya.

kimya_kingi: Nimemuuliza sasa hivi. Kasema 3, na anataka kujua nachati na nani