Mama mkwe anataka kichanga apewe maji, nimjibuje?

mamakichanga: Habari zenu wadau. Mtoto wangu ana miezi miwili, ananyonya tu kama walivyoelekeza kliniki. Sasa mama mkwe kaja toka Korogwe kunisaidia, mama mzuri tu sina neno naye, ila kwa hili joto la Dar kila mtoto akilia utasikia "mwanangu huyu ana kiu, mpe hata kijiko", jioni ndo anakuja na habari za uji mwepesi. Nikisema mama nesi kakataza ananyamaza, halafu namsikia kwenye simu eti siku hizi watoto wanalelewa na makaratasi. Nimjibuje bila kuonekana nna kiburi?

fundi_bomba: Itikia "sawa mama" maisha yaendelee. Sawa siyo mkataba.

bimdogo: Hiyo ya sawa mama ni ya mtu anayekaa mbali bwana, huyu yupo humo humo ndani, ukienda kuoga yeye anachota kijiko, na ukimkuta utasema nini wakati uliitikia mwenyewe? Mumeo aongee na mama yake.

mamakichanga: Mume nilishamwambia ila anasema hayo mambo ya wanawake.

nesi_mstaafu: Maziwa ya mama zaidi ya asilimia 80 ni maji, kiu inaisha hapo hapo kwenye kunyonya, joto likizidi mnyonyeshe mara nyingi zaidi. Miezi 6 ya mwanzo hapewi kingine labda dawa aliyoandikiwa. Ila haya usimwambie wewe. Siku ya kupima uzito nenda naye, muulize nesi mbele yake kama vile wewe ndo hujui. Nimeona mabibi kibao wakitoka pale wanawafundisha wenzao kwenye benchi.

mamakichanga: Asante dada, ila kliniki mbali kidogo na mama miguu inamsumbua.

bwashee: Shem kila unachoambiwa unajibu na "ila" 😂 na mama mkwe ndo hivyo hivyo? Muombe ushauri kwenye kitu kingine, kumwogesha, kumchua na mafuta ya nazi, akiona huko unamsikiliza kwenye maji hatakomaa sana.

mamakichanga: Haya nimeshikwa 😂 Kumchua kwa kweli anaweza, mtoto analala pale pale. Kesho namuomba anifundishe. Na kliniki tutapanda bajaji, hela atatoa huyo huyo wa mambo ya wanawake.